Historia Iliyomo Jikoni

Watu wengi wasikiapo neno historia, mawazo yao huwaendea wafalme, majemadari na manahodha. Hufikiri juu ya vita iliyopiganwa, mkataba uliotiwa sahihi, na merikebu iliyotia nanga. Mambo hayo ni ya historia, wala hapana ayakanaye. Walakini mfalme alikula kabla ya kwenda vitani, na nahodha alikunywa maji kabla ya kutweka tanga. Chakula kile kilipikwa chunguni, na maji yale yalitekwa kwa kata. Aliyefinyanga chungu na aliyechonga kata hawakutajwa kitabuni. Wazee wetu waliliona jambo hili zamani wakasema, mfinyanzi hulia gaeni. Yaani mtu afanyaye vyungu vizima kwa ajili ya wengine, mwenyewe hupakuliwa chakula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Katika karamu ya historia vilevile amepewa gae.

Katika makala haya nataka kumwalika msomaji alitazame gae hilo. Nitamchukua katika pwani ya Malindi na Kilifi, ambako gae la kale na chungu kipya vimekaa karibu kuliko tudhanivyo. Nia yangu ni kuonyesha kuwa chombo cha nyumbani kilichofanywa vizuri kwa mkono ni kazi ya akili, na kuwa mtu awezaye kukisoma hupata mafundisho kila siku bila ya kutoka nje ya nyumba yake.

Mwezi wa Aprili mwaka 1498 Vasco da Gama wa Ureno aliwasili Malindi. Mmoja wa watu waliokuwa katika safari ile aliandika habari zake, na kwa bahati njema alikuwa mtu wa kupenda kutazama vitu. Asema nyumba za mji zilikuwa ndefu, zimepakwa chokaa vizuri, na zina madirisha mengi. Asema mfalme wa Malindi alikuja kuonana na wageni baharini, naye alikuwa na viti viwili vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa mviringo wa atlasi nyekundu. Walikuwako wapiga baragumu, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa kwa ufundi, kila moja urefu wake kama wa mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni.

Kabla ya mkutano huo Da Gama alikuwa amempelekea mfalme zawadi. Zawadi zenyewe zilikuwa joho, shada mbili za marijani, mabeseni matatu ya kunawia mikono, kofia, njuga, na vitambaa viwili vya milia. Natuyatazame mabeseni yale kwa kitambo. Yalipelekwa katika pwani ambayo watu wake walikuwa wamezoea kula katika bakuli za China tangu siku nyingi, na ambayo nyumba zake bora zilikuwa na visima na vyoo vya mawe. Mgeni alileta chombo cha kunawia kwa watu waliokuwa wakitawadha mara tano kila siku. Sitaki kumcheka, maana kila mtu hutoa alicho nacho. Lakini jambo hili lafundisha kuwa chombo kidogo cha nyumbani chaweza kusema mengi juu ya mtoaji na mpokeaji kuliko hotuba zao.

Mwandishi yule aliandika alichoonyeshwa. Aliona viti vya mfalme na siwa zake. Jikoni hakuingia, na kama angaliingia pengine asingaliona la kuandika. Kwa hiyo tukitaka kujua maisha ya watu wa zama zile hatuna budi kuacha karatasi na kushika jembe na kijiko cha mfukuaji.

Mwendo wa kilomita 15 hivi kusini ya Malindi, ndani ya msitu ulio karibu na Watamu, pana magofu ya mji wa Gede. Mji huu ulistawi sana katika karne ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 wa Miladi. Kuanzia mwaka 1948 hata 1958 James Kirkman aliusimamia ufukuzi wa mahali hapa, na katika mwaka 2024 UNESCO iliuandika mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wafukuaji walikuta jumba la enzi, misikiti, na nyumba nyingi za mawe zilizopangana kando ya njia nyembamba. Walakini majina ya wenye nyumba hayakuonekana popote. Basi nyumba zikapewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kijaluba cha Pembe, Nyumba ya Bakuli la Kichina, Nyumba ya Kauri, na Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Msomaji atulie hapa afikiri. Mwenye nyumba alikuwa mtu mwenye mali, na bila shaka siku zake alijulikana mtaani kwa jina la baba yake na la babu yake. Leo jina hilo halipo, na mkasi wake ndio unaoitambulisha nyumba. Taa iliyowashwa kila magharibi bila ya mtu kuisifu imedumu kuliko sifa za mwenyeji aliyeketi katika mwanga wake.

Nyumba zenyewe zafaa kusomwa kama chombo. Vyumba vya Gede ni virefu na vyembamba, na mgeni huuliza kwa nini watu wenye uwezo walijibana hivyo. Jawabu limo katika boriti. Dari ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, mti ukuao katika maji ya chumvi kama yale ya hori ya Mida iliyo karibu na hapo. Boriti ya mkoko ni ngumu, nayo hustahimili mchwa, lakini haifiki mbali kabla ya kuanza kupinda chini ya uzito. Fundi hakushindana na mti. Aliukubali urefu wake akaufanya kuwa upana wa chumba. Ukuta ulikuwa mnene, na chumba cha ndani kikapata ubaridi ambao kila mkaaji wa pwani anajua thamani yake mwezi wa Februari. Hii ndiyo alama ya kwanza ya kazi njema, nayo ni kujua mti, jiwe au jani linaweza nini, na kulitaka hilo tu.

Katika Gede macho ya wageni huvutwa zaidi na vyombo vya China, vya kijani kibichi na vya buluu na nyeupe. Si ajabu, maana ni vizuri, na vilisafiri mbali. Watu wa pwani hii walivipenda hata wakavipa heshima ya kaburini. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, liko kaburi lenye mnara uliopachikwa bakuli za Kichina. Fikiri jinsi chombo kilivyotoka mezani kikawa pambo la maiti mtukufu. Hata lugha yetu imeshika alama ya mapenzi hayo. Neno kauri ni jina la simbi wa baharini mwenye ganda la kung'aa, na ndilo jina la vyombo vya udongo mweupe vya namna ile ya China. Waitalia nao waliita simbi na vyombo kwa neno moja, porcellana. Watu wa pwani mbili zisizofanana waliona mng'ao mmoja, kila mmoja kwa jicho lake.

Lakini mtu apimaye vigae vya magofu ya pwani ataona kuwa vyombo vya China ni vichache mno. Vilivyo vingi kupita kiasi ni vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa. Bakuli la Kichina lilikuwa la wageni na sikukuu, na chungu kilikuwa cha kila siku. Ndicho kilichowalisha wajenzi wa msikiti, wavuvi na watoto wa chuoni.

Natukitazame basi chungu hicho. Katika pwani hii ufinyanzi umekuwa kazi ya wanawake kwa vizazi vingi. Mfinyanzi hatumii gurudumu. Huchimba udongo anaoujua, huuponda, huuchanganya na mchanga ili usipasuke motoni, kisha huuinua kwa vidole hata ukawa chungu. Huulainisha kwa kipande cha kibuyu au simbi, huupiga msasa kwa kokoto laini, huukausha kivulini siku kadhaa, na mwisho huuchoma kwa kuni na majani mahali pa wazi. Hana kipima moto ila rangi ya mwako na uzoefu wake. Akiharakisha kukausha, kazi ya siku nyingi huvunjika kwa dakika moja.

Umbo la chungu halikuja kwa bahati. Kitako chake ni cha mviringo, na mtu aliyezoea sufuria aweza kudhani ni kasoro, kwa kuwa chungu hakisimami mezani. Lakini hakikufanywa kwa ajili ya meza. Kilifanywa kwa mafiga matatu, na juu ya mafiga chombo cha mviringo hutulia hata kama ardhi si sawa. Moto hukikumbatia pande zote, wala hakina pembe ya kuvunjikia. Mtungi wa maji nao una hekima yake. Udongo wake una vitundu visivyoonekana, na maji hutokeza nje kidogo kidogo kama jasho. Yale yanayokauka juu ya ngozi ya mtungi huchukua joto, na yaliyobaki ndani hupoa. Shingo yake ni nyembamba ili vumbi lisiingie, na kata ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu huteka maji bila ya mkono kuyagusa. Mwanafunzi asomaye habari za joto na mvuke katika chumba cha sayansi aweza kuona somo lake limesimama kivulini nyuma ya mlango wa bibi yake.

Katika vyombo vya jikoni pwani hii, kile nikipendacho kuliko vyote ni mbuzi ya kukunia nazi. Ni kigoda chenye miguu ipishanayo na ulimi wa chuma wenye meno uliotokeza mbele. Mkunaji hukikalia, na uzito wa mwili wake ndio msumari unaokituliza. Mikono yake miwili huwa huru kuizungusha nazi, na machicha huanguka moja kwa moja ndani ya sinia. Kazi ikiisha, mbuzi yenye kukunjika hukunjwa ikaegemezwa ukutani. Namna ile ya mbao mbili kupishana na kukunjana ndiyo iliyomo katika marufaa, kile kiweko cha kuwekea Kurani. Fundi mmoja aweza kufanya kigoda cha jikoni na kiweko cha Msahafu kwa fikira moja, na katika vyote viwili haionekani alama ya haraka.

Pamoja na mbuzi hukaa kifumbu, yaani kifuko kilichosukwa cha kukamulia tui. Nazi iliyokunwa hutiwa humo pamoja na maji, kikasokotwa kwa mikono miwili. Kadiri kinavyosokotwa ndivyo msuko unavyojibana, na tui hupita, chicha zikabaki. Ingalikuwa nguo ingalichanika au kunywa tui, na bati lisingalisokotwa hata kidogo. Msuko peke yake ndio uwezao kukaza na kupitisha kwa wakati mmoja.

Sina budi kuutaja mkeka pia. Ukindu huchumwa mchanga, hukaushwa juani, hupasuliwa kwa upana ulio sawa, na sehemu nyingine hutiwa rangi kwa kuchemshwa. Msusi hasuki mkeka mzima kwa mara moja. Husuka ukili, yaani utepe mrefu mwembamba, na ukili ukitosha hushonwa ukingo kwa ukingo hata ukawa mkeka wa kulalia au msala wa kusalia. Kwa nini isiwe kazi ya mara moja? Nadhani sababu imo katika siku ya mwanamke mwenye nyumba. Siku hiyo hukatwa na mtoto aliaye, chungu kifurikacho na jirani abishaye hodi. Ukili huwekwa chini na kuokotwa tena, huchukuliwa barazani, husukwa katika mazungumzo. Kazi ilipangwa ifuate maisha ya mfanyaji. Ndani yake mna hesabu vilevile, kwa sababu nakshi haitokei ila msusi ajue ni jani gani lipite juu na lipi lipite chini, na akikosea moja, kosa hutembea naye hata mwisho.

Vyombo hivi vimeingia katika lugha yetu kwa undani. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na tangu 1846 makao yake yakawa Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mtunga kamusi hawezi kubaki barazani na wazee tu. Hana budi kuuliza chombo hiki chaitwaje na kile chafanya kazi gani, na wajuao majawabu ni watu wa jikoni na wa shamba. Methali zetu nazo zimejaa vyombo. Twasema haba na haba hujaza kibaba, lakini wanafunzi wangapi wameona kibaba kwa macho? Kilikuwa kipimo cha nafaka, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Chombo kikiisha kutoka nyumbani, neno hubaki kwa muda likiwa halina mwili, kisha nalo hupotea.

Hapa ndipo penye jambo zito. Katika nyumba nyingi za Malindi, Kilifi, Mariakani na Takaungu sufuria imechukua mahali pa chungu, ndoo ya plastiki mahali pa mtungi, na mkeka wa plastiki mahali pa mkeka wa ukindu. Sitasema kuwa hayo ni mabaya tu. Mwanamke aliyechukua mtungi wa udongo kichwani kutoka kisimani anajua uzito wake, na ndoo nyepesi ilimwondolea maumivu ya shingo. Asiyepata kuubeba mtungi asimlaumu aliyeutua. Na si kila kilichofanywa kwa mkono kimefanywa kwa busara. Wachongaji wa vinyago vya kuuzia watalii walitumia sana mti wa muhuhu kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao eneo lake ni kilomita za mraba 420 hivi, hata mti ule ukaadimika, na watu wakahimizwa kuchonga mwarobaini, ambao hukua upesi na umejaa vijijini. Mkono usiojua kipimo cha msitu haukufunzwa vyema.

Walakini plastiki nayo imeleta deni lake. Mtungi ukivunjika hurudi kuwa udongo, na mkeka ukichakaa huoza shambani, lakini ndoo iliyopasuka hubaki ufukoni miaka na miaka. Tarehe 28 Agosti mwaka 2017 Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, na watu wakakumbuka vikapu. Wale waliokuwa bado wajua kusuka walikuwa na jawabu tayari. Kama maarifa yao yangalikuwa yamekwisha kufa, sheria peke yake isingaliweza kuyafufua. Ndiyo maana nasema kuwa kinachopotea si chombo tu. Chombo chaweza kuwekwa katika kabati la kioo la makumbusho kikakaa miaka mia. Maarifa ya mkono hayawekwi kabatini. Hukaa ndani ya mtu, na mtu huyo akifa bila ya mwanafunzi, hufukiwa pamoja naye.

Mataifa mengine yamekwisha kuona hatari hii. Katika Japani, mwaka 1925, Yanagi Soetsu na rafiki zake wafinyanzi, Hamada Shoji na Kawai Kanjiro, walitunga neno mingei, maana yake sanaa ya watu wa kawaida. Walikwenda vijijini wakakusanya vyungu, vikapu na nguo za kazi ambazo matajiri walizidharau, na mwaka 1936 wakafungua makumbusho yake katika Tokyo. Yanagi alifundisha kuwa uzuri wa vyombo hivyo umetokana na kutumika kwao, na kwamba fundi asiyejulikana, arudiaye kazi yake mara elfu, hufikia wepesi ambao mtafuta sifa haupati. Kati ya hazina za taifa la Japani limo bakuli moja la Korea, ambalo Yanagi alisema lilifanywa liwe chombo cha kawaida cha mtu maskini. Huko gae la mfinyanzi lilipewa kiti cha mbele.

Na sisi tufanye nini? Sisemi kila mtu arudi kupika kwa chungu. Nasema kila mtu ajifunze kutazama. Ewe mwanafunzi, urudipo nyumbani, chukua chombo kimoja kilichofanywa kwa mkono, kiwe uteo, kinu, upawa au kikapu, ukikalie kitako. Jiulize kimefanywa kwa nini hasa, na kwa sababu gani kikachaguliwa hicho. Jiulize mkono hushika wapi, na uzito umelala upande gani. Jiulize kama ungaliweza kuondoa sehemu yo yote pasipo kukiharibu. Kisha uliza ni nani aliyekifanya, na kama yu hai, mwendee, umwamkie, uketi karibu naye. Andika jina lake. Kwa jambo hilo moja utakuwa umemtendea haki ambayo waandishi wa mwaka 1498 hawakuwatendea wafinyanzi wa Malindi.

Siku moja watu watafukua nyumba zetu kama tulivyofukua Gede. Watatafuta majina yetu wasiyaone, nao watazipa nyumba zetu majina kwa vitu watakavyovikuta. Yatupasa kufikiri ni vitu gani tunawaachia, na kama katika hivyo kimo hata kimoja ambacho mkono wetu wenyewe ulijua kukifanya. Wazee walisema, udongo uwahi ungali maji. Bibi mfinyanzi bado yuko, udongo wake bado haujakauka, na nafasi iliyo kando yake i wazi.